Nusu Siku kwa Dobi

Siku ile Mama aliondoka nyumbani na mwanawe wa kiume kwenda kumwombea kazi ambayo, kwa hesabu ya familia nzima, ilikuwa ni yake tayari. Hawakuwa wanakwenda kupiga magoti. Walikuwa wanakwenda kusalimia tu, kusema mwenyewe ndiye huyu, kisha Mama arudi kupika. Alimvalisha kijana shati lenye kola, akamwambia afute viatu, akamkumbusha asianze kumsahihisha mtu maneno. Maana kijana huyu, tangu akiwa na meno ya utoto, hawezi kusikia mtu akikosea akanyamaza. Ndiyo sababu nyumbani walimwita Profesa, na jina likamganda mpaka mtaani.

"Ukifika unasalimia, unanyamaza," Mama alimwambia njiani. "Ya kuzungumza ni yangu."

"Na akiniuliza kitu?"

"Unajibu ndiyo. Ndiyo haijawahi kumharibia mtu kazi."

Hapo Mama alikosea, lakini tusimhukumu mapema. Angejuaje?

Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu siku: kupiga pasi kwa dobi, katika duka lililo nyuma ya ukuta wa chuo, kuanzia vipindi vinapokwisha mchana mpaka jua linapozama. Usiidharau. Tangu enzi za Dobi Mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, pasi ile haikuwahi kushikwa na mtu asiye mwanafunzi. Mmoja anaishika, anajilipia chakula na chumba, anamaliza masomo, anaondoka, na kabla ya kuondoka anamleta mwenzake mwenye shida kuliko wengine. Hakuna tangazo, hakuna usaili. Mwenye duka hakujisumbua kujifunza majina ya watu wanaokuja na kupita. Kila aliyeshika pasi alimwita Mwanachuo, na wateja wakafuata. Wapo wakubwa mjini humu ambao zamani waliitikia jina hilo, ingawa ukiwakumbusha leo watakuambia umewafananisha.

Mwanachuo wa sasa alikuwa binti wa Mama, ambaye nyumbani wote walimwita Dada, hata baba yake. Dada aliwaambia amebakiza somo moja la kurudia, halafu basi. Somo hilo lilikuwa limechelewa kidogo kwisha, lakini nani angemuuliza? Mama hakusoma chuo. Baba alisoma, ila zamani, na kila alipotatizwa alisema siku hizi mambo yamebadilika. Wakaridhika hivyo. Sasa Profesa naye alikuwa amepata nafasi chuoni, anatakiwa kuripoti Jumatatu, na mpango ulikuwa mmoja tu: Dada aache pasi, Profesa aishike. Bila pasi hiyo, chuo kwake kingebaki kitu cha kupita nje ya ukuta, na nafasi ile angepewa mwingine. Chuo hakimngojei mtu.

Walimkuta mwenye duka anakunja shuka, na mteja mmoja anasubiri suruali yake. Huyu ni mtoto wa marehemu, na wateja wanamwita Dobi Mdogo, ingawa ana kitambi na upara na wajukuu wawili. Nyuma yake kulikuwa na meza ndefu ya pasi, bakuli la wanga, makapu ya nguo zenye alama ya uzi kwenye kola. Meza haikuwa na mtu.

"Mwanachuo ametoka, amepeleka makoti hospitali," alisema bila kuinua macho. "Mna risiti?"

"Hatukuja kuchukua nguo," Mama akasema. "Mimi ni mama yake. Na huyu ni mdogo wake. Ndiye atakayeshika pasi dada yake akimaliza."

"Akimaliza nini?"

"Chuo."

Dobi Mdogo akaiacha shuka. Alimtazama Mama kama unavyomtazama mtu aliyekuja msibani na zawadi ya harusi.

"Mama, binti yako si alimaliza? Mahafali yalipita siku nyingi. Majoho yote ya chuo yanafuliwa hapa. La kwake alilipiga pasi mwenyewe, pale mezani, akalitundika pamoja na mengine."

"La kwake lipi?"

"Lilikuwa na kibandiko cha jina lake. Nikamwambia hongera."

Mama akashika ukingo wa kaunta. "Akalivaa lini?"

"Hilo sijui. Siku ya mahafali alikuwa hapa na mimi. Ile ni siku ya kazi nyingi, watu wote wanataka suti."

Kuna maneno ambayo masikio yanayapokea na kichwa kinayakataa. Mama alisikia joho, akasikia hongera, na katikati yake hakuona mahali pa kumweka binti yake. Alikuwa amemaliza au hakumaliza? Kama alimaliza, mbona mama yake hakuitwa? Kama hakumaliza, yule mwenye jina kwenye kibandiko ni nani? Alijaribu kukasirika, hasira ikawa haijui iende upande gani. Mwisho akashika lile lililomleta.

"Haya. Kama amemaliza, basi huyu mdogo wake aanze Jumatatu. Mchana, baada ya vipindi."

"Kazi ya mchana haipo tena, mama. Dada yake anafanya siku nzima."

"Siku nzima? Tangu lini?"

"Tangu alipomaliza. Nilimwambia, haya Mwanachuo, desturi unaijua, niletee mwenzako. Akasema hapana, nitafanya kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa malipo yaleyale ya nusu siku, mradi usinitoe. Nikamuuliza, una uhakika? Akasema ndiyo." Dobi Mdogo aliinua mabega. "Mama, mimi ni mfanyabiashara. Mtu akikuletea maji mlangoni utamwambia ayarudishe mtoni?"

Profesa, aliyekuwa amebana midomo tangu waingie, akashindwa. "Sasa hiyo siyo nusu siku tena. Hiyo ni siku nzima iliyokatwa mshahara."

Mama akamfinya. Dobi Mdogo hakukasirika hata kidogo. "Kijana anajua hesabu," alisema, akarudi kwenye shuka yake.

*

Dada aliporudi jioni alikuta nyumba imenyamaza. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mguu mbovu umewekwa juu ya kigoda. Profesa alijifanya anasoma. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba na mwiko mkononi, na chungu hakipo jikoni wala mezani.

"Hongera," Mama akasema.

Dada alivua viatu taratibu. Alielewa palepale, maana neno hilo lilikuwa limesemwa kwa sauti ya mtu anayemwambia mwizi aweke kitu chini.

"Nani amewaambia?"

"Mwajiri wako. Amenipa taarifa za mwanangu kwenye kaunta, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua suruali." Sauti ya Mama ikakatika, akaitafuta, akaipata. "Mimi nimesafisha vyoo vya shule ya chekechea miaka yote hiyo nikingoja siku moja tu. Siku ya kukaa kwenye vile viti vyao nikapiga makofi mpaka viganja viwashe. Siku hiyo ilipita, na mimi nilikuwa nadeki. Umeniibia, mwanangu. Sijui nisemeje kwa upole."

"Najua, Mama."

"Mficha uchi hazai. Ulitaka kuficha mpaka lini?"

Baba ndiye aliyejibu, na kama kawaida yake alianzia mbali. Inafaa ujue kwamba Baba ndiye aliyekuwa Mwanachuo wa kwanza kabisa. Enzi zake wanafunzi hawakufanya kazi. Serikali iliwalisha, ikawalaza, ikawapa na posho ya sabuni, na mwanafunzi aliyeonekana na ndoo mjini angechekwa mpaka ahame. Kisha mwaka mmoja posho ikakatwa, hivi hivi, kama umeme. Wengine wakarudi makwao. Baba akaenda kwa Dobi Mkubwa, akaingilia mlango wa nyuma kwa aibu, akaomba pasi. Dobi Mkubwa alicheka kwanza, halafu akampa. Muda mfupi baadaye kulikuwa na wanafunzi kwenye maduka, kwenye vibanda vya kunyolea, kwenye milango ya kumbi usiku, na aibu ikaisha kwa sababu wenye aibu walikuwa wengi. Na Baba alipomaliza aliiacha pasi, akamleta rafiki yake aliyekuwa analala na njaa. Desturi ilianzia hapo. Hadithi hii Baba ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba hata kuku wa jirani wangeweza kuimalizia.

"Kwa hiyo unajua sheria," alimalizia. "Tena sheria ya baba yako. Mwanachuo ni yule anayesoma. Ukimaliza unaondoka, na mwenzako anapata. Wewe umeikalia."

"Niondoke niende wapi, Baba?"

"Pale wenzako walipokwenda."

"Walikwenda wapi?" Dada aliuliza kwa utulivu, kama anayetaka kweli kuelekezwa njia. "Wewe ulipoweka pasi chini, kesho yake ulikaa kwenye meza ya halmashauri. Uliniambia mwenyewe walikufuata chuoni kwa gari. Mimi nimebeba cheti changu kila ofisi ya mji huu. Wanataka uzoefu. Nikisema nina uzoefu wa kupiga pasi wanacheka. Kuna ofisi moja nilivaa vizuri, nikajitengeneza, nikafika mapokezi, yule dada akanitazama akasema, kumbe Mwanachuo, shati la bosi limekuwa tayari? Nikamwambia litakuwa tayari kesho. Nikaondoka. Nilikuwa nimeshika bahasha ya maombi, Baba, na nikasema litakuwa tayari kesho."

Profesa alifunga kitabu.

"Ningewaambia nimemaliza, mngenitoa pale," Dada aliendelea. "Na mkinitoa, unga wa nyumba hii unatoka wapi? Dawa ya huo mguu? Nikasema nitasubiri kidogo, nikipata ofisi nitatangaza yote kwa pamoja, tucheke. Kidogo ikawa siku, siku zikawa nyingi. Nikashindwa nianzie wapi."

Sasa mimi ninayesimulia naomba unisaidie. Binti amewadanganya wazazi, hilo liko wazi. Amekalia haki ya mdogo wake, hilo nalo liko wazi. Lakini chakula walichokula wote, pamoja na huyo mdogo wake, kilitoka kwenye kuikalia huko. Mama alikuwa anamtazama hivyo hivyo, akitafuta mahali pa kumchapa na mahali pa kumkumbatia, na vyote viwili vilikuwa kwenye mwili mmoja. Mwishowe alimwondolea uzi mweupe uliokuwa umenasa begani, akaenda kubandika chungu.

Baba alibaki anausugua mguu wake. "Kesho nitakwenda mwenyewe," alisema. "Yule Dobi Mdogo nimembeba mgongoni alipokuwa mtoto. Nusu siku ya asubuhi ni yake, ya mchana ni yetu. Atanisikiliza."

*

Walikwenda watatu: Baba na fimbo yake, Dada, na Profesa. Baba alivaa koti lake la ofisini, lile lililokwisha viwiko. Alikataa kukodi chombo cha usafiri. Alisema njia ya kwa dobi anaijua hata akiwa amefumba macho, kisha akapumzika mara kadhaa njiani akisingizia kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

"Shikamoo, mzee," Dobi Mdogo alimsalimu kwa heshima. "Karibu. Una risiti?"

Baba alicheka. "Hunikumbuki? Mimi ndiye Mwanachuo. Yule wa kwanza. Marehemu baba yako alinipokea mlango ule wa nyuma. Wewe ulikuwa huvai hata suruali."

Dobi Mdogo alitabasamu kwa tabasamu la dukani. "Mzee wangu, wa kwanza ni wengi. Kila mwezi anakuja mmoja. Wengi wanataka punguzo."

"Mimi sitaki punguzo."

"Basi wewe ni wa kwanza kweli," Dobi Mdogo akasema, na wateja wawili waliokuwa pale wakacheka.

Baba naye alicheka kidogo ili asiachwe peke yake. Dada alitazama chini. Ni vigumu kumwona baba yako anacheka mzaha alioufanyiwa yeye, na vigumu zaidi pale ambapo aliyefanya mzaha hana ubaya wowote. Dobi Mdogo hakuwa mtu mbaya. Alimvutia mzee kiti, akaagiza apewe maji.

Baba akaeleza. Alieleza desturi, akaeleza posho iliyokatwa, akaeleza Jumatatu. Alipofika mwisho akasema, "Kwa hiyo tunaomba nusu siku irudi kama ilivyokuwa. Huyu binti ataondoka. Huyu kijana ataingia mchana."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi kitu gani?"

"Asubuhi nani atapiga pasi?" Dobi Mdogo aliuliza bila ukali. "Mzee, zamani hospitali ilileta makoti mara moja kwa wiki. Tangu nimepata mtu wa asubuhi, nimewaahidi kila siku. Wakikosa siku mbili tu watanunua mashine zao, na mimi nitafunga. Huyu kijana akija, aje kama dada yake. Siku nzima, malipo yaleyale. Nimeshazoea bei hiyo, nitasema uongo?"

"Lakini akifanya siku nzima atasoma saa ngapi?"

"Hilo ni la kumuuliza mwalimu wake."

Dada alikuwa amesimama, uso wake umebadilika rangi. Hakuwa amefikiria hilo. Aliposema ndiyo, alidhani anajitoa yeye mwenyewe, mtu mmoja, kwa muda. Hakujua alikuwa anapanga bei ya kila atakayekuja nyuma yake, na kwamba wa kwanza kuja angekuwa mdogo wake wa tumbo moja.

"Asubuhi nitakuja mimi," Baba akasema.

Wote wakamtazama. Baba alijinyoosha kwenye kiti. "Pasi naijua. Kola kwanza, halafu mabega, mikono, mgongo mwisho. Wanga kwa kunyunyiza, si kwa kumwaga. Nitakuja asubuhi, kijana mchana."

Dobi Mdogo alitazama mguu, akatazama meza ile ndefu ambayo mtu huifanyia kazi kwa kusimama, na kwa adabu akatazama pembeni. Baba aliona alipotazama, na mabega yake yakashuka.

"Asubuhi mimi, mchana yeye," Dada akasema haraka. "Baba, kaa. Mimi nitaendelea asubuhi. Siku yako itakuwa nzima, Dobi, haina pengo."

"Mishahara miwili sina."

"Hatujasema miwili."

Dobi Mdogo alijikuna upara. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyepewa chenji zaidi ya anayostahili na hajui kama arudishe. "Sasa nitamlipa nani?"

"Mlipe yeye. Ndiye anayesoma."

"Na wewe?"

"Mimi nimemaliza," Dada akasema.

Profesa alitaka kusema. Maneno yalimfika mpaka kwenye meno: kwamba hii si sawa, kwamba kuna kosa mahali. Alilitafuta kosa lile. Dobi alikuwa amekubali walichoomba. Dada alikuwa amejitolea mwenyewe. Baba alikuwa ametetea haki, na yeye mwenyewe alikuwa amepata chuo. Kila mmoja alikuwa amefanya jambo jema, na jumla yake ilikuwa ovu. Alisema asante tu.

*

Mama aliwasubiri mlangoni. Alipowaona kwa mbali alijaribu kuzisoma nyuso zao, zikawa hazisomeki. Profesa alikuwa mbele, hajui mikono yake aiweke wapi. Baba alikuwa nyuma, ameshikwa kwapani na binti yake.

"Imekuwaje? Nani amepata kazi?"

"Wote wawili," Baba akasema.

"Wote wawili?" Uso wa Mama ukafunguka. "Kumbe yule dobi ana utu. Mishahara miwili ndani ya nyumba, nani angedhani."

"Mshahara ni mmoja."

Mama aliwaingiza ndani, akamkalisha mume wake, akamwekea mguu juu ya kigoda, akasimama.

"Ngojeni nielewe. Yupi mwenye mshahara?"

"Mimi," Profesa akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri.

"Na dada yako?"

"Anafanya asubuhi."

"Kwa malipo gani?"

Mama aliwatazama mmoja mmoja, polepole, akaishia kwa mume wake. "Baba watoto, niambie basi. Mtoto anakwenda chuo Jumatatu. Nifurahi au nilie? Niambie moja nilifanye, nimechoka kukaa katikati."

"Ngoja kwanza," Baba alisema. "Hata mimi jibu bado nalitafuta."

Mama akamgeukia Dada, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma. Hasira ya jana ilikuwa bado ipo, lakini sasa ilikuwa na machozi. "Na wewe, mwanangu? Kijana amepata chuo, dobi amepata siku yake. Wewe umepata nini hapo?"

Dada alifikiri. "Nimepata mchana," alisema. "Kuanzia saa saba niko huru."

"Mchana wa kufanyia nini?"

Alitaka kujibu upesi, kusema atatafuta ofisi, atapumzika, atamsaidia Mama. Lakini alipokuwa anasoma, mchana wote ulikuwa wa pasi. Alipomaliza, asubuhi nayo ikafuata. Aligeuza uso kuelekea dirishani, ambako jua lilikuwa bado juu, na watu wanapita na shughuli zao.

"Sijui, Mama," alisema. "Sijawahi kuwa nao."

Mama alimshika mkono, akamketisha mezani, akaenda kumpakulia chakula.